Vibao vya Milango ya Kapata

Kampuni ya mgodi ilipojenga Kapata, mtaa wa wafanyakazi wake huko Kolwezi, haikujisumbua kufikiri mara mbili. Ilichora nyumba moja, ikairudia mpaka matofali yakaisha: mlango mmoja mbele, dirisha huku na huku, choo nyuma, mstari baada ya mstari. Mlevi akitoka baa siku ya mshahara alihesabu milango kwa kidole, na akikosea hesabu alijikuta amevua viatu kwa mke wa mwenzake. Kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi hadi watu wakachoka kuzikasirikia.

Hapo ndipo Tshibola alipopatia riziki yake. Mumewe Muamba alikuwa seremala wa kampuni, akafa akimwachia msumeno, randa na patasi nne. Wajane wengine waliuza vyombo vya marehemu, yeye akavishika. Alikwenda nyuma ya maghala kuomba mbao za masanduku yaliyotupwa, na kando ya reli ya Dilolo alichukua mataruma ya zamani, ile miti mizito inayolala chini ya reli, ambayo hata ikioza nje ndani inabaki ngumu na nyekundu. Alipasua, akapiga randa, akachoma majina ya familia kwa chuma cha moto: Famille Kabongo, Famille Mbuyu, Famille Ilunga. Kisha alipamba, kwa gundi aliyoipika mwenyewe, kwa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, maganda ya kibuyu, na punje za lile jiwe la kijani ambalo watoto wa Kolwezi huokota kama wengine wanavyookota kokoto. Mwaka haukuisha kabla kila mlango wa Kapata haujataka kibao, na ulevi ukapungua madhara.

Kazi ilipomzidi alimchukua Bilonda. Bilonda alikuwa mke wa mchimbaji, mtu wa kaskazini ya Katanga, upande wa Kongolo, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Tshibola alikuwa wa Kasai, ingawa Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Alizaliwa Kapata na baba aliyeletwa na kampuni zamani za Wabelgiji. Wanawake hao wawili walikaa chini ya bati moja miaka kumi na miwili. Walikula bukari, ule ugali wa Katanga, sahani moja, wakatukanana kwa mapenzi, wakazikiana wafu.

Kibao hakikuisha bila ukingo wa rafia, msuko uliozunguka mbao pande zote nne. Tshibola alisuka kama mama yake alivyomfundisha, uzi ukiruka nyuzi mbili na kurudi nyuma mmoja, namna ya Kasai. Bilonda alisuka namna ya kwao, juu moja chini moja, na mwisho wa uzi aliukata kwa meno. Siku moja ya mvua, wakiwa hawana la kufanya, Bilonda ndiye aliyesema:

“Mama Tshibola, tufanye hivi. Mutu wa kwenu, we umusukie ya kwenu. Mutu wa kwetu, mi nimusukie ya kwetu. Habatajua. Itakuwa tu zawadi yetu kwabo.”

Tshibola alifurahi hata akapiga makofi. Tangu siku hiyo kila mteja aliulizwa, kama kwa maongezi tu, “Tata, kwenu ni wapi?” na jibu lake likaingia kwenye ukingo. Kwa sababu majina peke yake hayakusema kitu. Ilunga yuko Kasai na Ilunga yuko Kongolo. Kabongo yuko huku na yuko kule. Mutombo ndiyo usiseme. Rafia ilisema, na waliojua kuisoma duniani kote walikuwa wawili. Lilikuwa jambo dogo la upendo, na ndilo kosa kubwa walilolifanya, ingawa nani angelijua wakati ule?

Kisha mgodi ukaporomoka, shaba ikapungua, mishahara ikaanza kuchelewa. Njaa inapoingia mjini hutafutiwa mwenyewe. Wakubwa walipanda majukwaani wakasema mkate wa Katanga unaliwa na wageni, na wageni hao wakapewa jina: bilulu, wadudu. Watu waliozaliwa Kapata, waliobatizwa Kapata, wenye makaburi ya wazazi wao Kapata, wakaamka wadudu. Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tatu vijana wa chama chao wakaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Siku ya kwanza walifuata majina yasiyo na shaka: Tshiamala, Tshibangu, Tshiala. Tshibola naye alipewa siku mbili afike gare, stesheni ya reli, kwenye treni za kuwarudisha watu “kwao”. Hakubishana. Alifunga mizigo mitatu, kisha akamwita Bilonda na kumkabidhi funguo za karakana.

“Chunga bitu bya Muamba,” alimwambia. “Siku moja nitarudia.”

“Nitachunga sawa macho yangu,” Bilonda akajibu, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, Tshibola aliyagusa kwa mkono wake.

Kilichomtia Tshibola hofu hakikuwa treni. Kilikuwa Fifi. Fifi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyelelewa na shangazi huko Dilolo tangu ana miaka minne, akaolewa na mtu wa reli aitwaye Ilunga. Walihamia Kapata mwaka uliotangulia, maneno mabaya yakiwa yameanza kusikika, na Tshibola alimwonya mapema: mbele za watu asimwite yaya, yaani dada, aje kama mteja tu. Majirani walidhani kwamba Ilunga ni wa kaskazini, na Ilunga hakuwakosoa. Sasa Ilunga alikuwa amekwama Dilolo kwa kukosa treni, na Fifi alikuwa amejifungua siku tatu zilizopita kwa taabu kubwa. Damu ilikuwa bado haijakatika, hata kusimama alishika ukuta. Gare watu walikuwa wakilala chini kwenye mvua, wakifa kwa kuhara. Tshibola alikuwa na sala moja tu: Fifi na mtoto wasitolewe katika ile nyumba. Yeye mwenyewe wangempeleka popote.

Asubuhi ya siku ya pili alikuwa barabarani akikaza kamba za mizigo yake alipowaona vijana wakifika ng’ambo, kwa jirani yake Mutombo. Mbele yao alikuwa Séraphin, mtu wa miaka thelathini hivi aliyekuwa karani wa ghala. Mutombo alijulikana kuwa mtu wa Kongolo. Alikuwa amewaambia watu hivyo miaka yote, isipokuwa Tshibola peke yake, siku alipoagiza kibao. Séraphin hakubisha hodi. Hakuomba kitambulisho. Aliinua mkono kwenye kibao, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa chini, akageuka na kuwaitikia wenzake kwa kichwa. Wakaingia. Sauti ya mke wa Mutombo ikapanda.

Nyumba ya pili, kidole gumba, wakapita. Ya tatu, wakapita. Ya nne, kwa Kabongo, kidole kikasimama.

Tshibola aliachia kamba. Waliojua kuisoma rafia walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amesimama hapa barabarani na mizigo mitatu. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na yeye nguo hiyo alikuwa ameivaa miaka kumi na miwili, akaifua, akaitia pasi. Alitaka kukaa chini apige yowe. Ukweli ni kwamba kama Bilonda angekuwa mbele yake dakika ile angemng’oa nywele.

Lakini mlangoni kwa Fifi kulikuwa na kibao, na ukingo wake aliusuka yeye mwenyewe, mishono ya mama yake, kwa sababu alijua hakuna macho yatakayoijua. Bilonda alikuwa ameketi kando yake akichambua mbegu, akasema, “Mudogo wako atapenda.”

Aliiacha mizigo barabarani, akachomoa fungu la rafia na kisu, akakimbia. Mistari minne, na vijana walikuwa wanakwenda polepole kwa sababu kupora huchukua muda.

Fifi alifungua mlango akiwa na mtoto kifuani, midomo myeupe.

“Yaya, kuko nini?”

“Rudia ndani, lala. Kama bantu banakuya, mi ni mama wa bibao tu. Haunijue. Unasikia? Haunijue kabisa.”

Wazo la kwanza lilikuwa kukibandua kile kibao na kukitia motoni. Lakini jana watu watatu walikuwa wamebandua vya kwao ili kuficha majina, wakajidhania wajanja, na vijana walianza na hao hao: mwenye mlango mtupu Kapata ana la kuficha. Hapana. Kibao kibaki, ukingo ubadilike.

Alikishusha, akakipakata kizingitini, akakata msuko wa mama yake kwa kisu. Ulitoka wote kwa mvuto mmoja kama ngozi ya nyoka. Hakuwa na nafasi ya kuulilia. Akaanza: juu moja, chini moja, juu moja, chini moja. Alikuwa ameutazama msuko huu miaka kumi na miwili bila kuufanya hata mara moja, na vidole vyake vilikataa, vikitaka kuruka mbili na kurudi nyuma. Alivikemea kama watoto watundu. Kwenye pembe ya tatu vilimponyoka, vikaruka; alipogundua alikuwa ameshapita urefu wa viganja viwili, na sauti za vijana zilikuwa zimefika mstari wa pili. Akaliacha kosa lilipo, akaendelea. Mwisho wa uzi aliukata kwa meno.

Halafu akaona kwamba rafia ni mpya, inang’aa kama nywele za mahindi, juu ya ubao uliopigwa na jua mwaka mzima. Alikimbilia jikoni kwa Fifi, akakwangua masizi ya sufuria, akachanganya na mafuta ya mawese, akapaka kwa kitambaa na kufuta, akapaka tena na kumalizia kwa vumbi la barabarani. Ikafifia, ikazeeka. Msumari wa mwisho aliugonga vijana wakiwa nyumba ya pili.

“We, mama Tshibola,” Séraphin alisema alipofika. “Siku zako mbili zinaisha leo. Unafanya nini hapa?”

“Huyu mama alikuwa analipa zamani. Mvua iliharibisha kibao yake. Namumalizia, kisha niende.”

Séraphin alicheka. Alipitisha kidole gumba. Alikipitisha tena, akanusa kidole chake, akakunja uso. Hakuwa mjinga, miaka ya ghala ilikuwa imemfundisha kutilia shaka kila kitu kilichopakwa mafuta. Akageuka nyuma na kuita:

“Mama Bilonda! Kuya uone hii.”

Na Bilonda akatoka nyuma ya vijana. Tshibola alikuwa amekwisha kujua, lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Bilonda alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili. Kiunoni, kwenye fundo la kitenge, zilining’inia funguo za karakana ya Muamba. Hakumtazama Tshibola usoni. Alisogea mpaka mlangoni, akaweka vidole vyake vyepesi kwenye ukingo, akafuata msuko kama mtu anayesoma barua. Juu moja, chini moja. Pembe ya kwanza. Ya pili. Kwenye pembe ya tatu vidole vilisimama pale pale penye kosa.

Mlango ulikuwa wazi nusu, na Fifi alikuwa ameshika fremu, mtoto kifuani. Tshibola hakusali. Alimtazama mwanamke aliyekuwa amemla, akamwomba kwa macho, na kuomba huko kulimuuma kuliko usaliti wenyewe.

“Ni mukono yangu,” Bilonda alisema. “Ya kwetu hii. Bapite.”

Lakini Bilonda alikuwa hajamaliza.

“Huyu ndiye mumupeleke,” aliongeza kwa sauti ile ile, akimwonyesha Tshibola kwa kidevu. “Aende leo. Asirudie kule nyumba, bitu biko na mi sasa.”

Kijana mmoja akamshika Tshibola mkono. Séraphin alikuwa bado hajaridhika, alimgeukia Fifi. “Mama, huyu unamujua?”

Fifi alimtazama dada yake. Alimtazama kwa muda ambao Tshibola aliona ni mrefu mno, wa hatari, akatamani kumpiga kofi ili aseme.

“Hapana,” Fifi alisema. “Alikuya kutengeneza kibao tu.”

Akafunga mlango.

Walimpeleka gare bila hata mizigo yake mitatu. Kule alikuta nusu ya Kapata: Mutombo, Kabongo, wazee wenye medali za kazi, wanawake wakipika mboga kwenye makopo. Treni haikuja kesho yake wala wiki iliyofuata. Mvua ilinyesha, watoto wakaanza kuharisha, na kila asubuhi wanaume walichimba upande wa pili wa reli. Tshibola aliona watoto wachanga wakizikwa ndani ya maboksi, na kila mara alihakikisha wa Fifi hayumo, akamshukuru Mungu, na papo hapo ikambidi akumbuke ni mkono wa nani uliomwokoa. Hilo ndilo lililomtesa. Mutombo aliweza kumlaani Bilonda usiku na mchana, akala, akalala. Yeye hata laana hakuweza kuitoa. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sawa, lakini huyu aliyekula naye alikuwa ameuza nyumba kumi na tisa na kumwachia moja, na ile moja ndiyo hasa Tshibola aliyoitaka. Amlipe nini mtu kama huyo?

Siku ya tisa Bilonda alikuja mwenyewe. Askari walimpisha. Alichuchumaa mbele ya Tshibola, akaweka chini bukari iliyofungwa kwa jani na samaki wadogo wakavu. Alikuwa amekonda kidogo.

“Balinikuta nyumbani,” alianza bila kuulizwa. “Balisema mi nakula na bilulu, basi niende na bilulu. Niko na batoto tano, Tshibola. Ungefanya nini?”

“Mi singesema.”

“Unasema hivyo sababu habakukuuliza.”

Huenda ilikuwa kweli, na kwa kuwa huenda ilikuwa kweli alizidi kuchukia. Aliitazama ile bukari na hakuigusa.

“Funguo balikulazimisha pia?”

Bilonda alikwangua matope kwenye kiatu chake. Mvua ilipiga mahema ya nailoni.

“Fifi anakusalimia,” Bilonda alisema mwishowe. “Mutoto ananyonya muzuri. Napita pale kila siku, namuona.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

Halafu, kwa sauti ya chini, kama jirani anayekuja kuazima chumvi: “Niko na commande, masista banataka bibao makumi mbili. Mbegu zinaanguka. Nabandika, asubuhi ziko chini. Ile colle yako ya kubandikia, ulikuwa unaifanya namna gani?”

Tshibola alimtazama machoni. Alitafuta humo tishio na hakuliona. Alitafuta huruma, nayo hakuiona. Aliona macho ya Bilonda tu, yale yale ya miaka kumi na miwili, yakisubiri jibu. Napita pale kila siku. Neno hilo lingeweza kuwa zawadi na lingeweza kuwa kisu, na hakuna mahali popote duniani ambapo Tshibola angeweza kwenda kuuliza ni lipi.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Mwambie achemshe sana. Ikichemka inakufa, mbegu zitashika wiki moja, kisha zitamwagika zote mbele ya masista. Ilikuwa rahisi hivyo. Lilikuwa neno moja tu.

“Ngozi ya mbuzi, bile bipande bachinjaji banatupa,” alisema. “Uloweke siku moja nzima. Moto kidogo, kidogo kabisa. Usiache ichemke, ikichemka imekufa. Ikianza kuvuta, utie majivu iliyochekechwa, kama vidole bitatu.”

Bilonda alirudia polepole kama mtoto wa katekisimu: ngozi, siku moja, moto kidogo, majivu. Akainuka, akakung’uta kitenge.

“Asante, mama,” alisema, akaondoka kuelekea lango, akiruka madimbwi.

Bilonda alikuwa karibu kufika kwa askari Tshibola alipokumbuka kwamba hatua moja hajaitaja, na kwamba kesho Bilonda atapita tena kwa Fifi. Alisimama, akaita jina ambalo alikuwa ameapa kutolitamka tena.

“Bilonda!”

Bilonda akageuka.

“Uichuje na kitambaa kabla haijapoa,” Tshibola alipaza sauti juu ya vichwa vya watu wa Kapata, na Mutombo na mkewe wakageuka kumtazama. “Ukisahau, haitashika. Mbegu zikianguka, ni we ulisahau. Haiko mi. Unasikia? Mi nilikuambia yote.”

Bilonda aliinua mkono kuonyesha amesikia, kisha akapita kwa askari.